Nyumba Ndani ya Kle

Jumatatu, tarehe 3 Novemba

F12, F12, F12. Kidole kisichoke. Ukichelewa kidogo, mashine inatafuta diski yake, haioni kitu, inaandika kwa Kiingereza kwamba hakuna cha kuwashia, halafu inanyamaza. Leo iliniwahi. Nikazima, nikaanza upya. Safari hii ilikubali. Herufi nyeupe zikashuka kwenye kioo cheusi, nyingi, haraka, halafu kioo kikawa kijani. Kijani nilichokiweka mwenyewe. Nikapumua.

Hii ni mashine ya pembeni katika chumba cha kompyuta cha masomo, shuleni kwetu, karibu na dirisha lililovunjika. Diski yake iliungua zamani. Prof wa informatique, somo la kompyuta, alibandika karatasi juu yake: HORS SERVICE, haifanyi kazi. Tangu hapo hakuna anayeigusa. Wengine wanabanana watatu watatu mbele ya mashine moja, wanasukumana, wanacheka. Mimi niko na yangu peke yangu, kwa sababu kle yangu, hii flashi ya kuchomeka, haihitaji diski. Sistemu yote imo ndani ya kle. Unaichomeka, unawasha, mashine inafufuka. Ukiichomoa, imekufa tena. Hakubaki hata alama kwamba ulipita.

Prof hajui. Au anajua na hajali. Anaona mtoto aliyekaa kimya, basi.

Darasani wananiita Mulinzi wa Maiti. Wanafikiri ninakaa mbele ya kioo cheusi kwa kuogopa kuomba nafasi kwingine. Kioo kimegeukia ukuta, hawaoni kitu. Sijawaambia. Na kuogopa, kweli naogopa.

Leo nimechora etajere ya jikoni, rafu ya vyombo. Bado sufuria.

Jumanne, tarehe 4 Novemba

Leo hakuna informatique. Siku ndefu.

Kwa Shangazi tunalala chumba kimoja, mimi na mabinti zake. Nguo zangu ziko ndani ya valisi, valisi iko chini ya kitanda cha mwingine. Wananitendea vizuri. Sina wa kumlaumu. Lakini katika nyumba hii hakuna mahali ninapoweza kukaa bila mtu kusema: Riziki, sogea kidogo.

Nasogea.

Alhamisi, tarehe 6 Novemba

Nyumba imefika kwenye paa.

Niandike vizuri, hata kama hakuna atakayesoma. Naandika kwa Kiswahili. Kifaransa changu kinanuka chaki.

Nyumba ni yetu ya Pepa, kule juu Marungu, kwenye ng'ombe na ukungu. Mama alifia humo. Papa alivumilia mwaka, halafu akauza nyumba pamoja na ng'ombe, akaenda Manono kwenye machimbo. Huko ana mwanamke mwingine. Mimi nikateremshwa hapa Kalemie kwa dada yake, Shangazi. Aliyenunua nyumba aliibomoa, akapanua zizi. Picha yake haipo hata moja. Tuna picha za ubatizo na za ndoa, watu wamesimama mbele ya pazia la studio. Nyumba yenyewe nani angeipiga picha? Ilikuwepo tu.

Basi naichora. Kwa kipanya, katika programu ndogo ya kuchora iliyomo ndani ya kle. Chumba kwa chumba. Kipanya cha masomo kinarukaruka, mstari mmoja naufuta na kuurudia mpaka mkono unauma. Nilianza mwaka wa masomo uliopita. Jikoni nimeweka hata ule ukuta uliokuwa mweusi juu ya mafiga na mweupe chini, kwa sababu Mama aliupaka chokaa mpaka pale mkono wake ulipofika.

Kle nilipewa na Yaya Djo, mtoto mkubwa wa Shangazi. Alikuwa anatengeneza simu karibu na gare, stesheni ya treni. Alinifundisha yote bila kunicheka. Alinionyesha kwamba kle imegawanywa sehemu mbili. Ya kwanza ina sistemu, na mashine yoyote inaisoma. Ya pili njo humo sistemu inaweka kila unachofanya, ili ukirudi ukikute. "Ya pili iyi, mashine za kawaida haziijue. Zitasema imeharibika, zitaomba kuiformate, ni kusema kufuta vyote. Sema non, hapana. Kila siku non. Unasikia, mudogo wangu?"

Halafu akavuka kwenda Kigoma kutafuta maisha. Siku hizi hajibu. Ujumbe wangu unaonyesha alama moja tu, haifiki ya pili.

Alisema pia nifanye kopi, niiweke mahali pengine. Mahali gani? Niko na kle moja.

Ijumaa, tarehe 7 Novemba

Leo masomo nimesema neno moja, jina langu lilipoitwa: présent.

Jioni upepo wa ziwa uliangusha nguo zote za Shangazi kwenye mchanga. Tulifua tena. Nilifurahi kuwa na kazi.

Jumatatu, tarehe 10 Novemba

Mado ameona.

Mado ni chef wetu, kiongozi wa darasa. Sauti yake inafika biro ya préfet, ofisi ya mkuu wa shule, bila yeye kuinuka kwenye benchi. Alikuja pembeni kutafuta kiti, akazunguka nyuma yangu. Nilikuwa ninaweka dirisha la chumba cha Mama, sikumsikia. Nilifikiri atapiga kelele. Alifungua kinywa, kweli, halafu akakifunga. Akachuchumaa kando yangu. Alinukia sabuni ya limau.

"Weye Riziki. Maiti imefufuka? Na iyi nyumba njo ya nani?"

Nikabonyeza batani ya kioo. Giza.

Sijui kwa nini. Mkono ulienda wenyewe. Jibu nilikuwa nalo, lilikuwa pale pale kwenye ulimi: ni yetu. Maneno mawili. Akaningoja kidogo, akainuka, akasema, "Sawa, Mulinzi, lala na maiti yako," akabeba kiti akaenda. Hakuwaambia wengine.

Nilitaka arudi. Naandika hapa tu.

Jumatano, tarehe 12 Novemba

Nimefanya ujinga.

Prof wa jeografia anataka travail, kazi aliyotupa, kesho, ichapwe kwenye karatasi. Masomo haina imprimante, mashine ya kuchapa, inayofanya kazi. Kwetu ni desturi: Mado anapita na sachet nyeusi, mfuko wa plastiki, kila mtu anatupia kle yake ndani, halafu yeye anazipeleka zote kwa Papa wa sekretaria, duka la kuchapa lililo karibu na port, bandarini. Papa anachapa moja baada ya nyingine. Ukienda peke yako wanasema unajifanya, unaficha majibu yako.

Siku zote nilikuwa ninaandika travail kwenye mashine ya jirani wa Shangazi, anachapa kwake. Wiki hii jirani yuko Moba. Travail nimeiandika kwenye kle. Niliiweka sehemu ya kwanza ili isomeke. Nilifikiri nitakimbia mwenyewe port baada ya masomo.

Mado akasimama mbele yangu na sachet imefunguliwa. "Leta, Mulinzi." Darasa zima likageuka. Nikaikamata kle mfukoni. Nilitaka kusema: mwambie Papa, mashine ikiuliza kitu aseme non. Ni sentensi fupi. Nilikuwa nayo nzima kichwani, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Mmoja nyuma akasema, "Anangoja maiti imupe ruhusa." Wakacheka. Masikio yangu yakawaka moto. Nikatupia.

Ikaanguka juu ya nyingine, tak.

Kesho itarudi. Pengine Papa ni mtu mwangalifu. Pengine mashine yake ni ya zamani, haioni sehemu ya pili. Ziko mashine za namna hiyo, Yaya Djo alisema.

Ugali wa bukari nimeuacha kwenye sahani leo. Shangazi ameuliza kama ninaumwa. Nimesema hapana.

Alhamisi, tarehe 13 Novemba

Travail imechapwa vizuri. Karatasi safi, jina langu juu. Mado aligawa kle kama mtu anayegawa karanga. Yangu ilikuwa ya moto kidogo kwa kukaa mkononi mwake.

Saa ya informatique nikaenda pembeni. F12. Ikakubali mara moja. Herufi zikashuka kama kawaida. Nikaanza kucheka peke yangu, nilivyokuwa na wasiwasi bure.

Halafu kioo kikawa cha bleu. Si kijani. Bleu ya kiwandani. Dirisha dogo likafunguka katikati: Bienvenue. Ikaniuliza ninasema lugha gani.

Mashine ile ile. Kle ile ile. Ikanikaribisha kama mgeni.

Nilifungua dosye zote, folda kwa folda. Tupu. Nikazima, nikawasha tena. Bienvenue. Nikazima, nikawasha. Bienvenue, bienvenue. Sehemu ya kwanza nzima, haina kasoro. Ya pili imeformatiwa, nyeupe kama sahani iliyooshwa.

Mwaka mzima. Kila mstari.

Prof alipita nyuma yangu, akasema tunafunga. Nikachomoa kle, nikatoka. Nilitembea mpaka daraja la Lukuga kabla ya kuona kwamba nimepita njia ya nyumbani.

Ijumaa, tarehe 14 Novemba

Namchukia Mado. Namchukia Papa wa sekretaria ambaye simjui. Namchukia Yaya Djo kwa kuwa hajibu. Mimi mwenyewe nimejiweka mwisho wa orodha lakini niko juu.

Baada ya masomo nilienda kumwona yule Papa. Sikuingia. Nilisimama mlangoni na watu wa fotokopi. Ni mtu mnene, mpole, ana radio ndogo na kitambaa cha kujifutia jasho. Mama mmoja alimpa kle. Papa akaichomeka, dirisha likatokea kwenye kioo, na kabla hata ya kulisoma, tak, kidole kikapiga oui, ndiyo. Kama mtu anayefukuza nzi. Likatokea lingine. Oui. Uso wake haukubadilika.

Watu walipopungua nikasogea. Sijui nguvu nilizipata wapi. Nikasema, "Papa, juzi kulikuwa kle moja ya bleu..."

"Eh! Njo ya kwako?" Akafurahi kuniona. "Mutoto, ile ilikuwa na ugonjwa mubaya sana. Nusu yake imeoza! Nimeiponya. Na sikukulipisha, bure kabisa. Siku ingine usichomeke chomeke kila mahali."

Nikasema, aksanti Papa.

Nikasema aksanti.

Jumapili, tarehe 16 Novemba

Kanisani tuliimba sana. Mimi nilikuwa Pepa. Nilikuwa ninaingia mlangoni, ninageuka kushoto, pipa la maji. Kushoto au kulia? Kwenye mchoro lilikuwa kushoto. Au niliweka kushoto kwa sababu kulia mstari ulikuwa umeharibika? Sikumbuki tena kama ninakumbuka nyumba au ninakumbuka mchoro.

Hilo limenitia hofu kuliko yote.

Nilijaribu kwa bic, kalamu ya wino, kwenye karatasi. Mkono haujui. Kwenye kioo ningefuta kosa na lisionekane. Kwenye karatasi kosa linabaki linaniangalia. Nikaitumia kuwashia makala, makaa ya jikoni.

Papa yangu alipiga simu toka Manono. Mtandao mbaya. Nilitaka kumwuliza pipa lilikuwa upande gani. Aliuliza kama ninasoma vizuri, nikasema ndiyo, ikakatika.

Jumatatu, tarehe 17 Novemba

Niliwasha pembeni. Sistemu inafanya kazi, ila haihifadhi kitu. Unachofanya kinakaa kwenye kumbukumbu ya mashine mpaka uzime, halafu kwaheri.

Nikachora hata hivyo. Ukuta wa mbele, mlango, paa. Nilijua utafutika. Saa ilipokwisha nikabaki na kidole juu ya batani ya kuzima, kama mtu anayeombwa asaini kitu.

Njo hapo Mado alipokuja. Alikuwa na wenzake, anacheka bado na kitu walichokuwa wanasema. "Mulinzi, yule Papa wa port alikutafuta? Anasema kle yako njo iliyokuwa mugonjwa kuliko zote. Ati ilikuwa na sida, ukimwi wa kle!" Wakacheka wote. Hakusema kwa ubaya. Mado anacheka na kila mtu hivyo.

Nikasimama. Kiti kikaanguka. Nikasema:

"Mulifuta nyumba yetu."

Kwa sauti. Sikujua kwamba nina sauti ile. Chumba kizima kikageuka, hata Prof aliinua kichwa. Mmoja akanong'ona, nyumba gani, huyu amerukwa? Mado hakucheka tena. Aliangalia kioo changu. Mlango na paa vilikuwa bado pale.

Nikazima. Vikaenda. Nikatoka.

Jumanne, tarehe 18 Novemba

Sikuenda masomo. Nimesema tumbo. Haya inaniumiza mpaka kwenye meno. Sasa watasema: Mulinzi alikuwa kimya, kumbe ni kichaa.

Mvua toka asubuhi.

Baadaye, siku ile ile.

Mado amekuja. Kwa mvua. Viatu mkononi, sachet nyeusi ameivaa kichwani kama kofia. Shangazi akamkaribisha, akampa kitenge kikavu na sahani ya mikebuka, samaki wa ziwa, na Mado akaanza kumweleza habari za masomo yote, za préfet na mbuzi wa mlinzi, Shangazi anacheka mpaka anajipiga mapaja. Mimi nimekaa kwenye kigoda kama mgeni katika nyumba ninayolala. Nilifikiri: hata Shangazi atampenda kuliko mimi.

Shangazi alipoenda jikoni, Mado akaacha kucheka. Akawa ghafla mtu mwingine, mdogo.

"Riziki. Yule Papa aliniuliza."

Sikuelewa.

"Aliniuliza mimi. Alisema, chef, iyi ya bleu inaomba kuformate, niseme oui? Mimi nilikuwa na haraka, mvua ilikuwa inakuja. Nikasema, Papa, sema oui kwa zote. Kwa zote, njo nilisema vile." Alikuwa anakunja pembe ya kitenge. "Kwa hiyo si yeye. Ni mimi."

Nilikuwa nimeandaa chuki kubwa, siku nyingi ninaipika. Nikaitafuta. Nilikuta tu uchovu. Nikamwambia kwamba nilijua. Nilijua mashine itauliza, nilikuwa na sentensi ya kumpa, na sikumpa.

"Juu ya nini?"

"Mulikuwa munacheka."

Akakikunjua kile kitenge, akakilaza juu ya magoti.

Halafu akauliza: "Ilikuwa na nini, ile nyumba?"

Nikaanza na mlango. Nilifikiri nitasema maneno mawili. Nikasema mlango ulikuwa wa mbao za mikaratusi, ulivimba wakati wa mvua, lazima uusukume na nyonga. Mado akauliza, nyonga gani? Nikasimama kumwonyesha. Ya kuume. Nikajiona nimesimama na debe la kufikirika kwenye mkono wa kushoto, ninasukuma kwa kuume, na maji ninayamwaga kule kule kushoto, hatua moja tu toka mlangoni, kwa sababu mkono unauma. Pipa lilikuwa kushoto. Mwili ulikuwa unajua.

Nilisema mpaka mvua ikaisha. Za baridi, za ng'ombe waliokohoa nje ya ukuta kama wazee, za Mama kukataa watu waingie na tope. Mado anauliza maswali ya ajabu: mulikuwa munaficha sukari wapi? Nani alilala karibu na moto? Sijawahi kusema maneno mengi vile kwa siku moja. Shangazi alirudi, akasimama mlangoni na ungo mkononi, hakuingia. Baada ya Mado kuondoka akaniuliza kama ni kweli kaka yake alimjengea mke wake dirisha linaloangalia mashariki. Nikasema kweli. Akasema, hakuwahi kuniambia. Akaenda kupepeta mchele wake.

Koo linauma. Si ugonjwa.

Alhamisi, tarehe 20 Novemba

Viti viwili pembeni. Mado ameleta cha kwake bila kuniuliza.

Nilitaka kuitengeneza upya sehemu ya pili. Yaya Djo alifanya mbele yangu mara moja tu, na mimi nilikuwa ninaangalia vidole vyake, si kioo. Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Nikaiformate kwa namna ya sistemu yenyewe, nikaipa jina inalolitaka. Nikaweka faili moja ya majaribio. Nikazima. Nikawasha.

Bienvenue.

Faili haipo. Mado akasema neno ambalo chef wa darasa hapaswi kulisema.

Kuna hatua nimeisahau. Nimempelekea Yaya Djo ujumbe mwingine. Alama moja.

Ijumaa, tarehe 21 Novemba

Watu wananiangalia. Mmoja ameniuliza kama ni kweli niko na nyumba ndani ya mfuko. Nikasema ndiyo. Hakujua aendelee vipi, mimi pia. Tukaachana.

Mado alikuwa na wenzake siku nzima. Ni haki yake. Nilirudi peke yangu kwa njia ya reli.

Jumatatu, tarehe 24 Novemba

Ndani ya kle kuna kurasa za msaada, kwa Kiingereza. Mimi Kiingereza ninakiona tu. Mado anakijua, mama yake anafanya biashara na watu wa Mpulungu, Zambia. Akasoma kwa sauti, kama anasoma Injili, anatafsiri nusu nusu, na chumba kizima kikaja kusimama nyuma yetu. Pumzi za watu kwenye shingo yangu. Nilitaka kuzima kioo. Sikukizima, lakini nilikosea amri moja mara nyingi.

"Sogeeni kule!" Mado akawafukuza. "Docteur iko katika operation. Familia ya mugonjwa ingoje inje!"

Hatua niliyoisahau ni ndogo sana. Ndani ya ile sehemu lazima kuwe na faili yenye mstari mmoja wa kuiambia sistemu ihifadhi nini. Mstari mmoja. Bila huo, inaona nafasi na haijui ni ya kazi gani, inaiacha.

Nikauandika. Nikazima. Nikawasha. F12, F12.

Faili ya majaribio ilikuwepo.

Kelele zilizopigwa, Prof akafikiri ni nyoka. Alikuja, akaangalia karatasi ya HORS SERVICE, akaangalia kioo kinachowaka, akakuna kichwa. Akaniuliza kama zile nyingine mbili za storo, zisizo na diski, zinaweza kuwaka hivyo. Nikasema, zikipata kle. Akasema tutaona. Huyo akisema tutaona, maana yake ni mwaka ujao.

Furaha ilikuwa yao kuliko yangu. Mimi niliangalia dosye. Kuna faili moja, jina lake "majaribio", ndani yake hamna kitu. Kinachohifadhika kimerudi. Kilichohifadhiwa hakirudi.

Alhamisi, tarehe 27 Novemba

Nimechora. Mado kando, anakula karanga juu ya klavye, kibodi yetu, namkataza, hasikii.

Mkono umekuwa mwepesi. Kuta nne kwa saa moja. Zamani ningetumia wiki kwa ukuta mmoja. Lakini si ile. Ile ilikuwa na subira. Hii paa lake limeinama kidogo, na nimeliacha. Mado alisema, "Hapa sukari," akaweka kidole kwenye kioo, juu ya etajere, na nikachora kopo la sukari ambalo kwenye mchoro wa kwanza sikuwa nimelikumbuka hata kidogo.

Nililia kidogo. Aliangalia dirishani kwa wakati huo. Sikujua kwamba Mado anajua kuangalia dirishani.

Kabla ya kengele akatoa kle yake mwenyewe, ile nyekundu yenye kamba. "Niwekee na mimi. Siku nikisema tena oui kwa zote, ibaki moja." Nikamhamishia kopi ya mchoro. Mstari wa kijani ukajaa polepole, ukafika mwisho. Akaivaa shingoni, ndani ya blauzi, na msalaba wake.

Jumapili, tarehe 30 Novemba

Mado amesafiri. Bibi yake amefariki Moba, wamepanda boti jana asubuhi yeye na mama yake, kwa matanga. Hajui watarudi lini, pengine watangoja mpaka Noeli. Sikwenda port kumuaga. Kulikuwa na watu wake wengi, ningesimama wapi.

Leo kimya kimerudi kama kilivyokuwa. Nilidhani kitakuwa kimebadilika.

Kesho pembeni kutakuwa na viti viwili na mimi mmoja. Sitakirudisha kile cha pili.

Nimekaa nyuma ya nyumba, kwenye jiwe la kufulia, hapa ziwa linaonekana kati ya mapaa mawili. Maji mazito leo, rangi ya bati. Boti za Moba hupita mbali, huwezi kujua ni ipi. Kwenye mojawapo, jana, shingoni mwa msichana anayesema sana, nyumba yetu imepita juu ya maji na jiko lake na pipa lake. Mama hakuwahi kupanda boti. Aliogopa.

Sijui kama Moba Mado atapata mashine ya kuifungulia. Si lazima aifungue.

Shangazi ananiita nimsaidie kukunja mashuka. Anataka mtu wa kushika upande wa pili.